Kitanda cha Mtoto si Sufuria

1/11
Mama mwenzangu, nisikilize. Na wewe baba unayechungulia simu ya mkeo, karibu, uzi wa leo unakuhusu pia. Nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto, lakini nisipoandika hili sitalala.

Leo wadini mama mmoja alinivuta pembeni. Mtoto wake wa miezi 10 alilazwa kwa kuharisha, sasa ana nafuu, wanajiandaa kurudi nyumbani. Akaninong'oneza: "Nesi, kitanda chake nyumbani nimekipiga jiki mpaka rangi imetoka na kimeanza kutu. Niongeze jiki au nitumie ile dawa ya chooni?"

Nikamwambia asitumie yoyote kati ya hizo mbili. Akanitazama kama vile nimemkataza kumwogesha mtoto.

Kaniruhusu nisimulie bila kumtaja, kwa hiyo nasema. Jamani, harufu ya jiki siyo usafi. Na kile kitanda cha chuma ulichokisugua kwa upendo wote mpaka kikabanduka rangi, umekijeruhi. Sasa unataka kukitibu, na wengi wetu tunakitibu kwa njia mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

2/11
Kabla hujanirushia mawe, nianze na sisi wenyewe. Nani kakufundisha kwamba pasiponuka jiki hapajasafishwa? Ni sisi manesi. Unaingia kliniki, pua inakaribishwa na jiki. Unajifungua, sakafu inanuka jiki. Unarudi nyumbani na mtoto mchanga, kichwani umebeba somo moja: hivi ndivyo usafi unavyonuka.

Tatizo ni kwamba tulikuonyesha harufu, hatukukuonyesha kipimo. Hospitali jiki haimwagwi kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Inazimuliwa kwa maji, kwa hesabu. Kwenye damu tunataka nguvu ya asilimia 0.5. Kwenye meza na vitanda vya kawaida asilimia 0.1 inatosha. Na kabla ya hapo lazima sabuni na maji vitangulie, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu jiki kabla haijamfikia mdudu.

Wewe nyumbani unamwaga nzima nzima kwenye kitambaa, unasugua na stili waya, unaacha ikaukie hapohapo "ili ifanye kazi". Kazi inafanya kweli. Ila inaifanya kwenye rangi.

3/11
Nikueleze kinachotokea. Rangi kwenye chuma ni kama ngozi kwenye mwili. Kazi yake ya kwanza siyo urembo, ni kuzuia maji na hewa visikifikie chuma. Ukimwagia jiki kali kila siku, ile gundi inayoshikilia rangi inachoka. Kwanza mng'ao unapotea. Halafu ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Halafu vinatokea vimalengelenge. Ukiona kimelengelenge, ujue chini yake kutu imeshaanza.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui: jiki ikishamaliza kazi inaacha chumvi. Ndiyo, chumvi. Usipoisuuza, inabaki kwenye mikwaruzo na kwenye maungio ya chuma, inavuta unyevu wa hewa, na kutu inaendelea hata wewe ukiwa umelala. Watu wa Tanga, Dar na Zanzibar wanajua upepo wa bahari unavyoyafanya mabati. Ndicho unachokifanyia kitanda cha mwanao, tofauti ni kwamba bahari umeinunua dukani.

Stili waya nayo inaacha mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni, na kila mkwaruzo ni mlango. Vipande vyake vinabaki vimenasa, navyo vinaota kutu. Dawa ya choo ya asidi ndiyo mbaya zaidi: inakula chuma chenyewe.

4/11
Hapa naomba usome taratibu, maana hapa hatuongelei kitanda tena.

Usichanganye jiki na dawa ya choo ya asidi. Usichanganye na siki. Usichanganye na dawa ya vioo yenye amonia. Hata mkojo mwingi uliokauka kwenye kitanda, uoshe kwa maji kwanza kabla jiki haijagusa. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine, nayo inachoma mapafu vilevile. Chumba kidogo, dirisha limefungwa ili mtoto asipigwe baridi, wewe umeinama unasugua, mtoto amelala pembeni. Piga picha hiyo kichwani.

Najua kuna video za "siri ya usafi" zinazozunguka kwenye simu, mtu anamimina chupa nne kwenye ndoo moja, povu linapanda, muziki unapigwa. Yule hayupo zamu ya usiku mtoto wako anapoletwa anakohoa hawezi kuvuta pumzi. Nipo mimi.

Na ile tabia ya kupimiwa jiki kwenye chupa ya soda au ya maji, iache. Mtoto wa miaka 2 hasomi. Anaona chupa ya soda, anakunywa soda. Akishakunywa, usimlazimishe kutapika. Muwahishe hospitali na uje na chupa yenyewe.

5/11
Sasa ungamo langu.

Mwanangu wa kwanza alilalia kitanda cha chuma cha rangi ya bluu alichotupa dada yangu, watoto wake watatu walishakilalia. Nilikuwa mama mpya, nesi, na nilitaka kila anayeingia pale ndani ajue nesi anaishi hapa. Nilikipiga jiki asubuhi na jioni. Bila kuzimua. Mimi, mwenye diploma ya uuguzi, niliyefanya mtihani wa hesabu ya kuzimua klorini na nikafaulu.

Alipofika miezi 9 akaanza kusimama kwa kushikilia ule ukingo wa juu. Meno mawili yameota, kazi yake ni kuguguna. Siku moja nikamtoa mdomoni kipande cha rangi kama ukucha. Nikaogopa. Nikamwambia baba yake, "Tafuta fundi kikapigwe rangi upya."

Baba watoto hakupoteza muda. Nilirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku nikakuta fundi yupo chumbani, anakwangua kwa msasa mkavu. Vumbi la bluu limetanda kwenye neti. Liko kwenye godoro. Liko kwenye mito. Mtoto yuko sebuleni na dada wa kazi, mlango uko wazi, anatambaa kwenye sakafu ambayo ukiweka mkono unatoka wa bluu.

Fundi akaniambia, "Usijali mama, jioni kinarudi kipya." Na kweli jioni kilikuwa kinang'aa. Usiku ule mtoto alilala ndani yake, rangi inanuka tina mpaka macho yanawasha. Wageni walipokuja wakanisifia. Asubuhi ile siwezi kuirudisha, na ndiyo sababu nimekuwa mkali hivi.

6/11
Kwa nini vumbi linanitisha? Kwa sababu ya risasi. Siyo ya bunduki, ni ile madini.

Kwa miaka mingi viwanda duniani viliweka risasi kwenye rangi za mafuta ili zikauke haraka, zing'ae na zidumu. Rangi kali kama njano, nyekundu na kijani ndizo mara nyingi zinazobeba nyingi zaidi. Marekani walipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Tumbo la mtoto mdogo linanyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya la mtu mzima. Na mtoto mwenye upungufu wa madini chuma, ambao hapa kwetu tunao wengi, anainyonya zaidi.

Risasi haiji na homa. Haiji na vipele. Inaingia kimyakimya na kugusa ubongo, halafu miaka mingi baadaye mwalimu anasema mtoto mzito kuelewa, hatulii darasani. Nani atakumbuka kitanda?

Kwa hiyo kitanda cha urithi, chenye rangi juu ya rangi, usikikwangue kikavu. Kamwe. Kwa macho huwezi kujua kama kina risasi. Kama rangi inabanduka vipande vipande, mtoe mtoto humo leo. Ni bora alale chini kwenye godoro lenye neti kuliko kuguguna chuma hicho.

7/11
Najua mnachotaka kuniambia, inbox yangu naijua.

"Nesi, kutu inaleta pepopunda." Hapana. Pepopunda inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wanaoingia kwenye kidonda. Kutu yenyewe haizai pepopunda. Kinachomlinda mtoto ni chanjo yake ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama hajamaliza, funga simu, kesho nenda kliniki. Kutu ni mbaya kwa sababu nyingine: inakata ngozi, na uso wake una mashimomashimo ambayo uchafu unajificha na kitambaa hakifiki. Umeona kichekesho? Ulipiga jiki kuua wadudu, jiki ikaondoa rangi, sasa umewajengea wadudu vyumba.

"Nesi, bora kununua kipya." Mwenye uwezo anunue. Lakini ukiendelea na jiki ileile na stili waya ileile, mwakani tutakuwa hapahapa.

"Nesi, mama mkwe ataniona mchafu." Hilo nitalijibu mwishoni.

8/11
Tuingie kwenye matibabu. Kama hospitali, kwanza tunachunguza mgonjwa. Osha kitanda kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili kutoa chumvi yote ya jiki, kausha kwa kitambaa. Halafu kitazame kwenye mwanga wa mchana.

Kama rangi imefifia tu, haijapasuka wala haibanduki, ACHA. Usiguse. Acha jiki, tumia sabuni, basi. Kitanda kisichong'aa siyo kitanda kichafu. Usipake polishi ya gari, mtoto anaguguna pale.

Kama kuna vidoa vichache vya kutu na rangi nyingine imeshika vizuri, hiyo inatengenezeka. Usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama rangi inabanduka pande nyingi, au kitanda ni cha zamani na hujui historia yake, hiyo siyo kazi yako wala ya baba watoto Jumapili mchana. Hiyo inatoka nje ya nyumba, inaenda kwa fundi kwenye karakana yake. Na kama chuma chenyewe kimelika, maungio yanacheza, usikipake rangi. Rangi haishikilii mtoto. Kitupe, na ukitupe kimevunjwa ili mwingine asikiokote.

9/11
Hivi ndivyo unavyotengeneza vidoa vichache. Uwe na uhakika kwamba kitanda si cha rangi ya zamani.

Kazi ifanyike nje, kivulini, siku isiyo na mvua. Siyo juani saa saba mchana, rangi itakauka juu huku ndani ni mbichi na italeta malengelenge. Watoto wawe mbali. Mjamzito asishike kazi hii wala asikae karibu, mambo ya tina na rangi si yake. Vaa barakoa na glavu.

Tumia msasa wa maji, siyo mkavu. Chovya kwenye maji yenye sabuni kidogo, sugua kidoa mpaka kutu yote itoke na uone chuma cheupe. Anza na namba 120, malizia na 320. Sugua pia kingo za rangi nzima iliyozunguka, ziteremke taratibu, usiache ngazi. Maji yanalishika vumbi, halipepei. Lile tope lifute kwa vitambaa ambavyo utavitupa, siyo vya jikoni.

Suuza, kausha hapohapo. Chuma kitupu kikilala na maji usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu changa.

Paka praima ya kuzuia kutu sehemu iliyo wazi. Ukiruka praima umefanya kazi bure, kutu itarudi ikitokea chini. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mkono mwembamba, subiri saa 24, paka mkono wa pili. Miwili myembamba inashinda mmoja mzito unaochuruzika.

Halafu SUBIRI. Kukauka siyo kukomaa. Rangi ya mafuta inaweza kukauka kesho lakini ikahitaji wiki kadhaa kukomaa kabisa. Mimi nasema wiki 4, sehemu yenye hewa, na usimrudishe mtoto kama ukiweka pua bado unanusa, au ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Fundi atasema jioni kiko tayari. Jioni kiko tayari kwa fundi.

10/11
Dukani usiombe "rangi nyeupe ya bei nafuu". Omba kopo lililofungwa, lenye alama ya TBS, na maandishi kwamba haina risasi. Kiwango ambacho mashirika ya Umoja wa Mataifa yanashauri nchi ziweke ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Usichukue ya kupimiwa kwenye kopo la maziwa. Usichukue iliyobaki kwenye geti la jirani. Rangi ya geti ilitengenezwa kwa ajili ya geti, na geti haligugunwi.

Praima uulize vivyo hivyo. Watu wanakumbuka kuulizia rangi ya juu, ya chini wanasahau.

Ukienda kwa fundi, mwambie mambo matatu bila aibu: msasa wa maji, kopo nitanunua mwenyewe, na kitanda nitakichukua kikishakomaa. Na fundi mwenyewe umwonee huruma, ana watoto nyumbani. Vumbi linaenda nalo kwenye nguo zake. Mwambie avae barakoa na abadilishe nguo kabla hajambeba mwanawe.

Baba unayechungulia, hapa ndipo kazi yako. Najua ulitaka kumfurahisha mkeo. Mfurahishe taratibu.

11/11
Usafi wa kila siku kuanzia kesho: kitambaa laini, maji, sabuni kidogo, suuza, kausha. Imeisha. Mtoto akitapika au akiharisha kitandani, toa uchafu, osha kwa sabuni, halafu jiki iliyozimuliwa: ya asilimia 3.5 weka kijiko kikubwa 1 cha mililita 15 kwenye nusu lita ya maji baridi. Soma chupa, kama asilimia ni nyingine, kipimo kinabadilika. Acha dakika 10, suuza kwa maji safi, kausha. Kikibaki mwaga, usiweke kwa ajili ya kesho, nguvu inapungua.

Sasa la mama mkwe.

Yule mama wa leo, nilipomaliza kumweleza, alilia kidogo. Siyo kwa sababu ya kitanda. Alisema tangu mtoto alazwe, kila anayekuja kumwona anamuuliza, "Kwani nyumbani husafishi?" Alikuwa anasugua ili kujitetea. Mikono yake imechubuka, nimeiona.

Tuache kuwahukumu kina mama kwa pua. Ukienda kumwona mzazi ukakuta pale hakunuki dawa, usikunje uso. Kagua kama maji ya kunawa yapo na kama sabuni ipo. Na sisi manesi tukimwambia mama "fanya usafi", tumpe kipimo, tusimpe hofu. Mimi nimeanza leo: nimemwandikia vipimo nyuma ya karatasi ya kuruhusiwa, na nimemwambia mtoto asilalie kitanda kile mpaka kitengenezwe.

Kama nyumbani kwako kuna kitanda cha chuma, kesho asubuhi pitisha kidole kwenye ukingo wa juu, pale anapoguguna. Kidole kikitoka na unga au kipande cha rangi, unajua cha kufanya. Mpelekee uzi huu mama mmoja mwenye mtoto anayeota meno.

Nalala. Zamu ni saa moja.